Shoti, Ethi na Mvujo: Juu ya Istilahi za Nyaya za Umeme wa Majumbani

Makala haya yanahusu istilahi za kazi moja tu, nayo ni kazi ya kutandaza nyaya za umeme ndani ya nyumba ya kuishi. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza kwa nini jambo dogo kama hili lichukue kurasa za jarida lililozoea kushughulika na istilahi za sheria, za sayansi na za utawala. Jibu ni kwamba istilahi nyingi tunazozitunga, zikikosewa, hasara yake ni mwanafunzi kushindwa mtihani au barua kurudishwa ilikotoka. Ilhali istilahi za umeme wa nyumbani zikikosewa, anayepata hasara ni mtu aliyesimama juu ya ngazi na bisibisi mkononi.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Ami yangu, mwalimu mstaafu, alijenga nyumba ndogo ya matofali huko Mangapwani, katika Wilaya ya Kaskazini B, Unguja. Fedha za fundi zilipokuwa haba aliamua kutandaza nyaya mwenyewe, huku akiongozwa na kijitabu kilichofasiriwa kwa Kiswahili na ofisi moja ambayo haina haja kuitaja. Mkaguzi alipofika aliikataa kazi nzima. Katika kila soketi waya wa kijani na manjano ulikuwa umekatwa kwa koleo na kufungwa tepu nyeusi, kama kitu kisichokuwa na kazi. Nilipomtembelea nikamuuliza kwa nini alifanya hivyo, naye akanifungulia kijitabu penye mstari uliosema kwamba waya wa ardhi usitumike mahali ambapo umeme haupiti ardhini.

"Mwanangu," akaniambia, "umeme wangu mimi waja juu kwa juu, kutoka nguzoni. Ardhini hapiti kitu. Sasa waya wa ardhi wa nini?"

Nilikisoma kijitabu kile mara mbili. Katika asili yake sentensi ile ilihusu kebo zinazozikwa, nazo zina ganda la kuzilinda na koleo la mchimbaji. Lakini kurasa nne mbele, waya wa usalama unaoelekezwa ardhini nao uliitwa kwa jina lile lile, "waya wa ardhi". Msomaji hakukosea. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa. Na yanilazimu kukiri kwamba miongoni mwa waliopewa kijitabu kile ili kuthibitisha lugha yake kabla hakijapigwa chapa, mmoja nilikuwa mimi. Nilisahihisha upatanisho wa ngeli na nikaondoa alama za mkato zilizozidi. Kuhusu waya wa ardhi sikuona neno.

Kabla ya kuendelea yafaa tueleze nafasi ya sheria, maana istilahi hizi hukutana na mwananchi hasa katika kanuni na fomu. Tanzania Bara, kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kutandaza nyaya za umeme ni kazi ya leseni, na leseni hizo hutolewa kwa madaraja na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Zanzibar umeme unasambazwa na Shirika la Umeme, yaani ZECO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na nyumba mpya sharti ikaguliwe kabla ya kuungwa. Uingereza utaratibu ni mwingine. Huko kanuni za ujenzi zilizoanza kutumika England na Wales mwezi wa Januari 2005 zinamwachia mwenye nyumba kufanya kazi hiyo kwa mikono yake, ila kazi kubwa sharti aiarifu kwanza mamlaka ya majengo ya mahali pake ili ikaguliwe. Vitabu vingi vya maelekezo vinavyofika kwetu vimeandikwa kwa ajili ya msomaji huyo wa Uingereza. Mtafsiri akivifasiri neno kwa neno, huwa amefasiri pamoja na ruhusa iliyomo ndani yake, ruhusa ambayo msomaji wa Mangapwani au wa Morogoro hakupewa na sheria yake.

Katika vitabu hivyo kuna agizo kwamba kazi fulani zifanywe na mtu aliye na ujuzi na uzoefu uliothibitishwa. Nimeona agizo hilo likifasiriwa kuwa "mtu mwenye uwezo". Kila mwenye kujua Kiswahili anafahamu kwamba mwenye uwezo ni mtu mwenye mali! Ami yangu alilisoma hivyo hivyo, akadhani anashauriwa kuwa matajiri ndio waite mafundi, na yeye kwa kuwa si tajiri akaona ana udhuru. "Fundi" peke yake pia halitoshi, kwa sababu kwetu fundi ni kila mtu anayejua kazi ya mikono, awe ana cheti au hana. Naona tuseme wazi "fundi mwenye leseni" panapokusudiwa leseni, na "fundi aliyehitimu" panapokusudiwa mafunzo, wala tusiogope urefu.

Halafu kuna "inapaswa". Neno hili limegeuka kuwa gunia la kutilia kila kitu. Kanuni za kiufundi hupambanua mambo matatu: lile ambalo mtu akiliacha amevunja kanuni, lile ambalo ni ushauri, na lile ambalo ni hiari. Kiswahili kina maneno ya kuyapambanua, nayo ni "sharti" au "lazima", kisha "yafaa", kisha "aweza". Mtafsiri anayeandika "inapaswa" mahali pote amemwondolea msomaji kipimo hicho, na mkaguzi naye akija na karatasi ya kukataa kazi haonekani kuwa mtu wa haki. Jambo hili si gumu, na sitalirefusha.

Turejee kwenye waya wa ardhi. Mafundi wa mjini Unguja, kama mafundi wa Dar es Salaam na Mombasa, huuita "ethi", na neno hilo halina utata hata kidogo: hakuna mtu anayesikia "ethi" akafikiri kebo iliyozikwa. Wapo wenzetu wanaoliona kuwa ni mkopo usiokuwa na haja, kwa vile ardhi tunayo. Ardhi tunayo kweli, lakini tunayo kwa kazi nyingine nyingi, kuanzia Wizara ya Ardhi hadi hatimiliki ya ardhi, na ndipo penye hatari. Mimi nimekuwa mtu wa kupenda maneno ya asili tangu nilipokuwa Chuo Kikuu, lakini katika hili nawaunga mkono mafundi. "Ethi" libaki kuwa jina la waya na la mfumo wake, na kitenzi kiwe "kutia ethi". Anayetaka kufafanua aweza kusema "waya wa ethi, yaani waya wa usalama unaounganisha ganda la chuma la chombo na ardhi".

Ufafanuzi huo una kazi maalumu mahali kama Mangapwani. Msomaji aliyepata kufika huko ataikumbuka pango ya matumbawe yenye maji baridi chini yake, na kuumbi lililochongwa ndani ya jabali, ambamo watumwa walifichwa baada ya biashara yao kupigwa marufuku. Nchi ile ni jiwe. Watu wa Unguja huiita nchi ya namna hiyo maweni au uwanda, kwa kuitofautisha na ardhi yenye udongo wa kina. Fimbo ya shaba inayopigiliwa chini ili kutia ethi hupata shida kuingia, na ikiingia, jiwe kavu la matumbawe ni kipitishi dhaifu cha umeme. Tuchukue mfano wa hesabu. Volteji ya nyumbani kwetu ni volti 230. Ikiwa ukinzani wa fimbo na ardhi inayoizunguka ni omu 100, na waya wa moto ukagusa ganda la jokofu, mkondo utakaopita kwenda ardhini ni 230 kugawanywa kwa 100, yaani ampea 2.3. Mkondo huo hauwezi kuyeyusha hata fyuzi ya ampea 5. Jokofu litaendelea kukaa na umeme kwenye ganda lake, likimsubiri mtoto atakayelifungua akiwa na miguu mitupu. Kwa hiyo kanuni inayosema "tia ethi" haijakamilika mpaka iseme pia "na ukinzani wake upimwe", na msomaji hana budi kuelewa kwamba ethi si fimbo iliyosimamishwa uwanjani kwa ajili ya kumridhisha mkaguzi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye hatari kuliko yote, nalo ni "shoti".

Neno hili limetokana na lugha ya mafundi waliosoma kwa Kiingereza, na kwa asili lilikuwa na maana ya mkondo wa umeme kupata njia ya mkato: waya wa moto unagusana na waya wa nyutro bila ya kupitia taa wala chombo chochote, mkondo unakuwa mkubwa ghafula, nyaya zinawaka. Vitabu vya fizikia vya shule huliita jambo hili "saketi fupi", jina ambalo limefasiriwa sehemu kwa sehemu na ambalo mtu wa kawaida hulielewa vibaya, kwa sababu hufikiri juu ya waya uliopunguzwa urefu. Lakini kwa watu wetu "shoti" ina maana ya pili ambayo imeenea zaidi ya ile ya kwanza. Mtu aliyeguswa na umeme mwilini husema, "Nimepigwa shoti." Kwa hiyo nyumba ikiungua, magazeti huandika kwamba chanzo ni shoti ya umeme, na mtoto akitia msumari ndani ya soketi, mama yake husema kapigwa shoti. Neno ni moja, mambo ni mawili, na la ajabu ni kwamba sikia hiyo moja imewapitia watunga istilahi kwa miaka mingi bila ya kuwashtua.

Ubaya wake ni upi? Ubaya wake ni kwamba vyombo vya kuzuia mambo hayo mawili ni tofauti. Fyuzi na kikatiza cha kawaida, kile ambacho mafundi hukiita "sakiti breka", vimewekwa ili kulinda nyaya zisipate joto na kuwaka. Havikuwekwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Plagi ya miguu mitatu bapa tunayoitumia, iliyowekewa vipimo Uingereza mwaka 1947, ina fyuzi ndani yake, na fyuzi iliyo kubwa kabisa kwa plagi hiyo ni ya ampea 13. Sasa tutazame mwili. Mtu mwenye mikono mibichi, aliyesimama juu ya sakafu ya maji, aweza kuwa na ukinzani wa kiasi cha omu 1,000. Kwa volti 230 mkondo utakaopita mwilini mwake ni ampea 0.23. Kiasi hicho chatosha kuvuruga mapigo ya moyo na kumwua, lakini kwa fyuzi ya ampea 13 si kitu: ni chini ya sehemu moja ya hamsini ya kile inachokisubiri. Mtu atakufa na fyuzi itabaki nzima.

Ami yangu alikuwa amenunua dukani mjini kikatiza cha kawaida kizuri kabisa, na muuzaji alimhakikishia kwamba "kinazuia shoti". Muuzaji hakusema uongo. Alikuwa akisema juu ya shoti ya nyaya, na mnunuzi akasikia juu ya shoti ya mwili. Kwa imani hiyo, akawa amekata ethi zote na bado akalala usingizi.

Tufanye nini? Kuliondoa neno "shoti" katika vinywa vya watu ni kazi isiyowezekana, wala sioni haja yake. Linaloweza kufanyika ni kuligawa. Wenyeji wa lugha, bila ya kusubiri Baraza, wameshatupatia njia. Kwa mwili wa binadamu wanayo maneno mengine, nayo ni mazuri: mtu "hurushwa" na umeme, "hupigwa" na umeme, na "hunaswa" na umeme. Hili la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini. Mkondo wa kiasi cha miliampea 10 na kuendelea hukaza misuli ya mkono hata mtu akashindwa kuachia waya alioushika. Mtu huyo amenaswa kama ndege mtegoni. Aliyetumia neno hilo mara ya kwanza hakuwa na kipimo cha miliampea, lakini alikuwa ameliona jambo lenyewe, na amelieleza kwa usahihi kuliko wengi waliokaa katika kamati. Kwa hiyo napendekeza kwamba katika maandishi ya kiserikali, ya shule na ya tafsiri, "shoti" litumike kwa nyaya peke yake, na kwa mwili litumike "kunaswa na umeme", jina lake likiwa "mnaso". Wapo wanaopendelea "mshtuko wa umeme", nalo limeshaingia katika vitabu. Sina ugomvi nalo, ila mshtuko katika Kiswahili cha kila siku ni wa habari mbaya na wa moyo, na hupita. Mnaso haupiti wenyewe.

Chombo kinachomlinda mtu na mnaso kipo, lakini hakina jina. Kwenye maboksi madukani utaona herufi ELCB, au RCCB, au RCD, kila kiwanda na zake, na fundi husoma herufi hizo kwa Kiingereza kama anavyosoma namba ya gari. Kazi ya chombo ni rahisi kueleza. Kinafanana na karani wa bandarini anayehesabu magunia ya karafuu: yaliyotoka ghalani kwa mlango huu sharti yalingane na yaliyoandikwa melini. Chombo kinapima mkondo unaotoka kwa waya wa moto na mkondo unaorudi kwa waya wa nyutro. Vikilingana, kimya. Ikiwa unaorudi umepungua, maana yake ni kwamba kiasi fulani kimetoka kwa njia nyingine, pengine kwa kupitia mwili wa mtu hadi ardhini. Na upungufu ukifika kiwango kilichowekwa, ambacho kwa nyumba za kuishi aghalabu ni miliampea 30, chombo hukata umeme kwa muda ulio mdogo kuliko kufumba na kufumbua. Linganisha miliampea 30 na ampea 13 za ile fyuzi: moja ni kubwa kuliko nyingine kwa zaidi ya mara 400. Kwa nchi ya maweni, ambako ethi peke yake haivuti mkondo wa kutosha kuyeyusha fyuzi, chombo hiki ndicho tegemeo. Nitakirudia jina lake mwishoni.

Jambo la rangi nalo ni la istilahi, ingawa halionekani hivyo. Kwa muda mrefu nyaya za ndani ya kuta zilizofuata desturi ya Uingereza zilikuwa nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Mwaka 2004 Uingereza ilianza kuzibadili ili zilingane na za nchi nyingine za Ulaya, na tangu Aprili 2006 kazi mpya huko hufanywa kwa rangi mpya tu: kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro. Kijani na manjano ilibaki kuwa ya ethi. Kama mabadiliko yangeishia hapo pasingekuwa na tatizo kubwa. Lakini katika umeme wa njia tatu, desturi ya zamani ilikuwa na buluu kama moja ya nyaya za moto, na desturi mpya ina nyeusi kama moja ya nyaya za moto. Kwa hiyo rangi mbili zimebadilishana kazi: ile iliyokuwa ya nyutro imekuwa ya moto, na iliyokuwa ya moto imekuwa ya nyutro. Kwetu nyaya za rangi zote mbili zimo majumbani, na mwongozo uliofasiriwa kutoka kitabu cha kabla ya 2004 bado ukitembea mikononi mwa watu, sentensi kama "waya mweusi hauna umeme" ni kweli katika nyumba moja na ni mauti katika nyumba ya jirani.

Kutokana na hayo naona mtafsiri asikubali kamwe kuutaja waya kwa rangi yake peke yake. Autaje kwanza kwa kazi yake, kisha rangi, kisha aseme ni rangi ya desturi ipi. Na majina ya kazi yenyewe yawe yapi? "Waya wa moto" ni neno la mafundi na lina onyo ndani yake; lina sifa kuliko "waya hai" la vitabuni, ambalo halimtishi mtu. "Nyutro" libaki. Lililo baya ni "chanya" na "hasi", au "pozitivu" na "negativu", ambayo yamehamishwa kutoka kwenye betri ya redio. Umeme wa nyumbani hugeuza mwelekeo wake na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo hakuna waya uliokaa kuwa chanya. Na zaidi ya hayo, msomaji akiambiwa huu ni hasi, husikia kwamba hauna kitu. Waya wa nyutro uliokatika njiani, huku taa imeachwa wazi, unabeba volti zile zile 230.

Limebaki suala la vitenzi, ambalo ndilo lililonifurahisha zaidi katika uchunguzi huu, kwa sababu ni mahali ambapo Kiswahili kina utajiri na sisi tunauacha. Karibu kila mwongozo huanza na agizo: "Hakikisha umeme umekatika kabla ya kushika nyaya." Tazama "umekatika". Kinyambuo hicho hakina mtendaji. Umeme umekatika kama kamba inavyokatika, wenyewe; na hakuna Mzanzibari asiyejua maana yake. Kebo ya baharini kutoka Ras Kilomoni hadi Fumba, iliyoanza kuleta umeme Unguja mwaka 1980, iliharibika Mei 2008 na kisiwa kikakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Ikaharibika tena kituo chake Disemba 2009, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Kebo ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, ilipatikana mwaka 2013. Kwa mtu aliyepitia miezi ile, "umeme umekatika" ni hali ya mji mzima, na inaweza kumalizika wakati wowote bila ya kumpigia mtu hodi. Kwa hiyo mwongozo uliotajwa, kwa Kiswahili chake, unamwambia msomaji kwamba wakati mzuri wa kushika nyaya ni wakati wa giza la mji. Na wapo waliofanya hivyo.

"Umekatwa" nalo lina jambo jingine: Shirika limekuja na ngazi kwa sababu ya deni. "Umezimwa" maana yake swichi ya taa imebonyezwa, na swichi ya taa, kama imefungwa upande usiofaa, huzima taa na kuacha moto kwenye kishikilia taa. Hakuna hata kimoja katika vitenzi hivi vitatu kinachoeleza linalotakiwa, yaani mtu mwenyewe, kwa kusudi, kuitenganisha nyumba au sehemu yake na chanzo cha umeme, na kuhakikisha kwamba hakuna atakayeiunganisha tena kabla yeye hajamaliza. Nadhani kitenzi kinachofaa ni "kutenga". "Umeme utengwe kwenye meni swichi, na ufunguo ukae na anayefanya kazi." Chombo cha kufanyia hivyo kiitwe "kitenga". Katika miezi ile ya giza watu wengi walinunua jenereta, na baadhi yao waliziunga kwa kamba yenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, bila ya kutenga meni swichi. Umeme huo hautulii ndani ya nyumba. Hutoka kwa kupitia mita hadi kwenye nguzo, na kumkuta fundi wa Shirika aliyepanda huko akiamini kwamba laini haina kitu. Swichi inayotakiwa hapo, ile inayokubali chanzo kimoja tu kwa wakati mmoja, wengine wameiita "swichi ya kugeuzia", nami nalipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Sasa jina la chombo cha yule karani. Nilipokuwa nikiandika makala haya nilikuwa nimeshaamua: kwa kuwa tunasema "mkondo" wa umeme, na mkondo ni wa maji, basi kinachotoka nje ya njia yake ni "mvujo", na chombo ni "kikatiza-mvujo", kwa kukitofautisha na kikatiza cha kawaida. Nikaona nimjaribie ami yangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshatiliwa ethi upya na fundi mwenye leseni, fimbo mbili badala ya moja, ukinzani ukapimwa, na kazi ikapita. Nikamsomea jina. Akalifikiri huku akimenya chungwa.

"Umeme unavuja," akasema. "Haya. Lakini mimi paa langu likivuja naona maji sakafuni. Huu nitauona wapi?"

Nikamwambia hauonekani, na ndiyo sababu ya kuwekewa chombo.

"Basi mtu ataangalia sakafu, akiona kavu atasema hakuna mvujo, atakichomoa. Mimi ningekichomoa."

Sikuwa na jibu. Nimefikiria "kikatiza-mnaso", lakini hilo lina kasoro yake, kwa kuwa chombo hukata hata pale ambapo hakuna mtu aliyenaswa, kwa mfano maji ya mvua yakiingia kwenye soketi ya ukumbini. Na mwenye nyumba, asipoona aliyenaswa, atadhani chombo kimeharibika. Kuna aliyependekeza "kikatiza-salama", ambalo halisemi kitu. Wasomaji, hasa walimu wa shule za ufundi na wenzetu wanaofasiri fomu za maombi ya umeme, wanaombwa walete mapendekezo yao kwa Mhariri pamoja na neno linalotumiwa na mafundi wa mahali pao, likiandikwa kama linavyotamkwa.